Chupa ya Ulezi Juu ya Meza ya Baruti

Vijana wa ofisini, siku ya kuniaga mlinipa blanketi, redio na hotuba ndefu. Blanketi linafaa sana, maana baridi ya Sumbawanga haistaafu. Redio inashika stesheni moja. Hotuba ilijaa vyeo nilivyowahi kushika, vingine mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuvisahau. Ndipo mmoja wenu, yule anayeniambia "mambo, mzee" halafu anakumbuka na kunipa shikamoo, akaniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Haya, nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, vilikuwa vidogo na vilichelewa. Nitaandika habari za risasi na za mtu aliyezitengeneza.

Niliingia kazini kama askari wa wanyamapori miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Nilitokea upande wa Namanyere, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, nyumba ya kusali rozari kila jioni. Watu waliposogezwa pamoja, mashamba nayo yalisogea, na wanyama hawakuhudhuria mikutano ya kuelezwa mipaka mipya. Viboko, nguruwe, nyati, na huko bondeni mamba wa Ziwa Rukwa, hao ndio walikuwa wateja wetu. Mkuu wetu aliitwa Bwana Nyama na mji mzima, jina ambalo hakulipenda.

Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa bunduki kuukuu, kitako chake kimefungwa kwa waya, nikapelekwa nyuma ya kilima kulenga shabaha. Nilijiona mwindaji, kwa kuwa nyumbani nilishashika gobore la baba. Nikapiga. Tundu moja likatokea kushoto, jingine juu kabisa, jingine pembeni mwa ubao, na risasi zilizobaki hadi leo sijui zilikwenda wapi. Nikatangaza kwamba bunduki ile ni mbovu. Nyuma yangu sauti nzito ikanguruma.

"Wewe! Bunduki imekukosea nini? Unamlisha mtu maharage mabichi, halafu unamlaumu kwa kuumwa tumbo!"

Huyo ndiye Fundi Aswile, fundi bunduki wetu. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani, mwimba besi wa kwaya, mfupi, kifua kipana, ulimi hauna breki. Alikuwa ametengeneza silaha jeshini kabla ya kuletwa kwetu. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na unyenyekevu nao hakuwa nao hata chembe. Alijua kwamba yeye ndiye fundi bora katika mkoa, na ukitaka kusahau alikukumbusha.

Ninyi mnaopokea risasi zikiwa kwenye makasha mapya, nisikilizeni kidogo. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachokaa mdomoni. Ukipiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa, ganda limebaki. Wakati ule risasi za kiwandani zilikuwa adimu kama sukari. Hata zilizofika zilikuwa za mchanganyiko, hizi za mwaka huu, zile za enzi za babu, nyingine zimeota ukijani ghalani. Ndiyo maana tuliokota maganda yetu, na Fundi akayajaza upya kwa mkono. Askari aliyepoteza ganda porini, afadhali angepoteza kofia.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi, na dirisha moja ambalo hakulifungua akiwa na baruti mezani, kwa sababu ya upepo wetu huu usiopumzika. Maganda aliyatenga kwa bunduki. Ganda lililopigwa na bunduki yangu lilirudi kwenye kopo la bunduki yangu, na ole wako ulichanganye. "Ganda likishapigwa ndani ya bunduki, limeshajua chumba chake," alisema. "Unalipeleka kulala kwa jirani, ya nini?" Aliyasafisha kwa majivu na ndimu, akayakagua mdomo mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha, na lenye ufa mwembamba kama unywele alilitupa huku akisonya. Vichwa vya risasi alivibiringisha juu ya kioo. Kilichoyumba kilitengwa kwa mazoezi.

Mizani yake sasa. Ilikuwa mizani ya dawa, ndogo, ya sahani mbili, aliyopewa na sista mmoja wa zahanati ya misheni baada ya kumtengenezea kabati. Ilikuja bila mawe ya kupimia. Mwingine angeirudisha. Fundi alichukua risasi moja ya kiwandani, ya lile kasha lililopiga vizuri kuliko yote, akaifungua na kuimwaga baruti yake kwenye sahani ya kwanza. Kwenye sahani ya pili akadondosha punje za ulezi, moja moja, hadi mkono wa mizani ukasimama sawasawa. Akazihesabu punje. Hesabu ikakaa kichwani mwake, punje zikakaa kwenye kichupa cha dawa ya macho chenye kizibo. Tangu siku hiyo baruti yetu yote ilipimwa kwa ulezi wa Ufipa.

"Kwa nini ulezi, Fundi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ni mdogo, umefanana, na ninyi Wafipa mmefurika nao. Ningekuwa kwetu ningepimia nini? Ndizi?"

Alipopima hukuruhusiwa kuzungumza, kukohoa wala kuegemea meza. Yeye mwenyewe alinguruma nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na baruti ikadondoka kwenye sahani kidogo kidogo kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Punje moja ya baruti ikizidi, aliitoa. Niliona ni wazimu. Nikamwambia hivyo, kwa adabu kiasi nilichoweza.

"Alfonsi, bwana mdogo," akaniambia, "shabaha siyo nguvu. Shabaha ni kufanana. Risasi ya leo ifanane na ya jana, ya jana ifanane na ya kesho. Hapo ndipo bunduki itapiga pale pale, na wewe utajua kosa ni lako au siyo lako. Nchi nzima inatafuta usawa. Mimi ninao, humu ndani ya kopo."

Wiki iliyofuata nilirudi nyuma ya kilima na bunduki ile ile ya kitako cha waya, nimebeba risasi alizojaza yeye. Nilipokwenda kuangalia ubao nilidhani nimekosa zote isipokuwa moja. Kumbe matundu yalikuwa yamegusana, kikombe cha chai kingeyafunika yote. Jamani, nilipiga kelele kama mtoto! Nilikimbia kuteremka kilima nimeubeba ubao kichwani. Fundi aliutazama, akasema kichwa cha pili kilikuwa kimeyumba kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Lakini ubao aliutundika ukutani, na haukutoka pale hadi alipostaafu.

Kwa miaka mingi nilipiga kwa risasi zake. Nilipiga kiboko aliyekuwa akivunja mitumbwi karibu na Kipili, nyati aliyejeruhiwa na mitego, nguruwe wasio na idadi. Nilijifunza kukausha mtutu kabla ya kulenga, kuzificha risasi zisiunguzwe na jua, kutovuta triga kwa hasira. Yote alinifunza yeye, na mengi alinifunza kwa kunitukana. Nilimpenda mtu yule. Sikuwahi kumwambia, na angenifukuza karakanani kama ningethubutu.

Sasa habari ya mamba.

Ilikuja mchana. Kule bondeni, mbele ya Muze, kulikuwa na kijiji kipya kando ya ziwa. Mamba alikuwa amemkamata mwanamke akichota maji, mke wa mkulima aliyeitwa Zakaria. Wanawake waligoma kwenda ziwani, na kisima cha kijiji kilikuwa bado kiko kwenye mpango. Lori la kuteremka Muze lilikuwa linanguruma barabarani. Kwa desturi tulijaribu risasi chache za kila kopo kabla ya safari. Siku hiyo hatukupata nafasi, Fundi akanikabidhi kopo jipya kupitia dirishani, nikadandia lori.

Mamba nilimwona kesho yake asubuhi. Alikuwa mkubwa, amelala juu ya kisiwa kidogo cha mchanga, ng'ambo ya maji ya tope, mahali ambapo huwezi kusogea karibu bila yeye kuteleza na kuzama. Mamba unampiga nyuma ya jicho, sehemu ndogo kama andazi. Ukikosa hapo, umempa habari tu kwamba upo. Nililala kwenye matete, nikatulia, nikapumua, nikavuta. Nilijua nimelenga vizuri. Mtu unajua. Tope likaruka chini ya taya lake, naye akazama.

Nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yangu inatazama. Nikasema labda upepo. Alipotoka tena kesho yake, upepo haukuwepo, ziwa limetulia kabisa. Nikapiga. Risasi ikaanguka chini tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Katika nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu zaidi na maji, aliishi mjane mmoja mzee, Bibi Yasinta. Alizaliwa hapo hapo ufukweni kabla kijiji hakijaletwa. Alitega samaki kwa migono, akaingia majini kila siku, na mamba hawakuwahi kumgusa. Mimi niliona ni mwanamke anayezijua njia za mamba. Wenzake waliohamia waliona jambo lingine. Watu wa nje wakisikia jina la Sumbawanga hucheka na kuuliza habari za uchawi. Hakuna la kucheka ukiwa umesimama katikati ya watu walioshika magongo.

Kijiji kilikusanyika mbele ya ghala. Zakaria alisimama, macho mekundu, hajalala tangu msiba.

"Mara ya kwanza tuliambiwa ni upepo," alisema. "Leo upepo uko wapi? Nimeona kwa macho yangu mawili. Risasi ilikwenda sawa, ilipomkaribia ikainama kama mtoto anayeamkia mkubwa. Mamba wa Mungu hafanyi hivyo. Yule ni mamba wa mtu. Na mtu wake tunamjua."

Wote wakageuka kumtazama Bibi Yasinta. Mtu akasema achomewe nyumba. Mwingine akasema nyumba haitoshi. Mimi nilijaribu kusema, nikaulizwa: wewe serikali ilikufundisha kulenga au haikukufundisha? Nikajibu ilinifundisha. Ulilenga vizuri au vibaya? Nikajibu vizuri. Na hapo nikaona jibu langu la kweli limemsogeza bibi wa watu hatua moja karibu na moto. Sijawahi kuogopa mnyama kama nilivyoogopa pale.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sebastiani, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshika bibi mkono, akamwingiza ghalani, akafunga mlango, na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akanivuta pembeni.

"Bwana askari, risasi zako zina nini?"

"Sijui, mzee."

"Basi nenda ukajue. Nitawazuia hadi Jumapili. Baada ya hapo watavunja mlango, na mimi ni mmoja."

Kabla sijaondoka nilizungumza na Bibi Yasinta kupitia ufa wa mlango. Nilimwamkia. Akaitikia taratibu.

"Mjukuu wangu, ulilenga kweli?"

"Nililenga, bibi."

"Basi kaikague hiyo bunduki yako. Mimi sina mamba. Hata kuku sina."

Nilipanda mlima kwa lori, nimekaa juu ya magunia ya samaki wakavu, njia nzima nikiyasikia maneno yale. Nilifika Sumbawanga nikiwa nanuka kama soko, nikaenda moja kwa moja karakana.

"Shikamoo Fundi. Risasi zinaanguka chini."

"Marahaba. Mkono wako ndio unaanguka."

"Siyo mkono wangu!"

"Na siyo risasi zangu!"

Tulibishana hadi Bwana Nyama akachungulia na kujiondokea. Mwisho nikamweleza habari ya ghala na ya Jumapili.  Fundi akachukua bunduki mwenyewe, tukaenda nyuma ya kilima, akailaza juu ya gunia la mchanga ili pasiwe na visingizio vya mkono wa mtu. Akapiga zilizobaki kwenye kopo. Zote zilikwenda chini, moja huku, moja kule. Akautazama ubao tundu kwa tundu. 

Tukarudi karakana. Alikagua maganda, mazima. Fataki, nzima. Alichukua baruti akainusa, akaisugua kati ya vidole, akaiwasha kidogo juu ya bati, ikawaka kama kawaida. Akapima upya kwa mizani, ikasimama sawa. "Kila kitu ni kile kile," alirudia, "kila kitu ni kile kile." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiboksi, njaa inaniuma, na mezani kulikuwa na punje za ulezi zilizodondoka. Mtoto wa Ufipa akiona ulezi, mkono unakwenda wenyewe. Nikatupa punje mdomoni, nikatafuna.

Ulikuwa mtamu.

Nikatafuna nyingine. Tamu pia. Mama yangu alipika pombe ya ulezi maisha yake yote, na sisi watoto tulichapwa kwa kuiba ladha hiyo hiyo kwenye ungo.

"Fundi, huu ulezi umeutoa wapi?"

"Ulezi ni ulezi!"

"Huu ni kimea."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Kwa mtu asiyejua: ulezi wa pombe hulowekwa, huachwa uote, kisha huanikwa na kusuguliwa mizizi yake midogo. Hapo unaitwa kimea. Ukiutazama harakaharaka ni ulezi tu. Lakini umeshaota, umejila wenyewe kwa ndani, na umekuwa mwepesi. Fundi hakuwahi kutia pombe mdomoni wala kukaribia ungo wa kimea. Ndipo akanieleza kwamba kabla ya kujaza kopo lile jipya kuku alikuwa amepanda mezani, akakiangusha kichupa na kula ulezi wote. Yeye hakujali, hesabu ilikuwa kichwani. Alikwenda dirishani kwa mwenye nyumba wake, Mama Leokadia, akaomba kiganja cha ulezi, akahesabu punje zile zile kama zamani. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Punje ndizo zilikuwa nyepesi, na baruti iliyolingana nazo ikapungua. Upungufu mdogo, jicho halikuuona, ila risasi iliusikia njiani.

Tulimwendea Mama Leokadia. Alikuwa anapepeta.

"Uliomba ulezi, baba," alisema. "Hukusema wa kazi gani. Niliokuwa nao karibu ni ule ulioanikwa. Wewe hunywi, nikajua sasa Bwana amekufungua macho."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Fundi hakucheka. Alirudi na kiganja cha ulezi mkavu wa chakula, akatafuna punje kadhaa mwenyewe, akanitafunisha na mimi, akafungua risasi yake ya mwisho ya kiwandani ili kuhakikisha mizani. Kisha akaanza kupima. Safari hiyo hakuimba. Tulizijaribu nyuma ya kilima, na kikombe kikarudi mahali pake.

"Nipe, niteremke," nikasema. "Lori linaondoka kesho alfajiri."

"Tunateremka wote."

Vijana, mnatakiwa kujua kwamba Fundi Aswile aliogopa ule mteremko wa kwenda bondeni kuliko kitu chochote. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga Muze. Alikaa katikati ya lori, macho ameyafumba, ameshika kamba ya turubai kwa mikono miwili, anaimba besi peke yake kona hadi kona. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi mbili zilizofungwa, moja ya ulezi na moja ya kimea.

Tulifika Jumamosi. Mwenyekiti aliita watu mbele ya ghala. Mimi nilijiandaa kueleza, Fundi akanisukuma kando. Alivua kofia.

"Naitwa Aswile. Mimi ndiye ninayejaza risasi za huyu kijana. Kule mjini hakuna anayenizidi, muulizeni yeyote. Risasi mliyoiona ikianguka haikuinamishwa na mtu. Niliipima vibaya mimi. Kijana alilenga sawa. Bibi huyu hana kosa. Kosa ni langu."

Watu wakanong'ona. Zakaria akasema, "Maneno. Serikali inajitetea."

Fundi akafungua karatasi zake. Akaeleza mizani, ulezi, kuku, dirisha la Mama Leokadia, yote, bila kujificha. Kisha akapita akiwagawia wanawake punje, za karatasi hii mkono wa kulia, za karatasi ile mkono wa kushoto. "Tafuneni, mama zangu. Niambieni tofauti. Mimi sikuijua."

Wakatafuna. Midomo ikafanya kazi. Mama mmoja mnene, mpika pombe maarufu wa kijiji, ndiye aliyepasuka kwanza.

"Yesu wangu! Huyu baba amepimia bunduki kimea!"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Wanawake walishikana mabega. "Lakini ni kweli," yule mama akasema akijifuta machozi, "kimea ni chepesi. Gunia la ulezi linabebwa na watu wawili, la kimea nabeba mwenyewe. Nani hapa hajui?" Wote walijua. Hakuna mwanamke pale aliyekuwa hajawahi kuinua yote mawili. Mtu mwenye kiburi kuliko wote niliowahi kuwajua alisimama katikati, kofia mkononi, akachekwa na kijiji kizima, na hakushusha macho. Nikatazama magongo. Moja baada ya jingine yaligeuka kuwa ya kuegemea.

Zakaria peke yake hakucheka. "Piga kwanza," aliniambia. "Ikiinama tena, msiniambie habari za kimea."

Asubuhi ya Jumapili tulilala kwenye matete, mimi na Fundi ubavuni mwangu, shati lake safi ndani ya tope. Kijiji kilikuwa nyuma yetu. Jua lilipopanda, mamba akajivuta juu ya mchanga wake. Nikakausha mtutu. Nikaingiza risasi. Mbele yangu sikumwona mamba, niliuona mlango wa ghala.

"Usiilazimishe," Fundi akanong'ona. "Imefanana na zile. Wewe fanana na wewe wa siku zote."

Nikapumua, nikavuta.

Mamba hakuruka wala hakuteleza. Kichwa kililala, mkia ukapiga mchanga mara moja, ukatulia.  Halafu vigelegele vikapasuka, wanaume wakaingia kwenye mitumbwi na kamba, wakamvuta hadi ufukweni. Tundu lilikuwa nyuma ya jicho.

Mwenyekiti akaenda kufungua ghala. Bibi Yasinta akaja taratibu, kanga yake imejaa vumbi la mahindi, watu wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Akamtazama mamba kutoka pua hadi mkia. Kisha akatutazama sisi.

"Ndiye huyu mliyesema ni wangu?"

Akazunguka upande wa pili wa mamba.

"Basi kama ni wangu, amekufa. Mbona hamnipi pole?"

 Zakaria alitoka kati ya watu, akafika mbele ya bibi, akapiga magoti kwenye tope.

"Pole, mama," alisema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Bibi akamwekea mkono kichwani. "Pole na wewe, mwanangu. Mke wako ndiye aliyekuwa akiniletea unga."

Niligeuka kumtafuta Fundi. Alikuwa ameinama kwenye matete, anapapasa tope. Alikuwa anatafuta ganda. Alilipata, akalifuta kwenye shati, akalitia mfukoni bila kunitazama, na baadaye lilirudi kwenye kopo lake kama mengine yote.

Kuanzia siku hiyo, bondeni na juu, aliitwa Fundi Kimea. Jina lilimtangulia sokoni, kanisani, hata kwenye kwaya. Mtu mwenye kiburi kama chake angeweza kulikataa, na tungemwogopa tukaliacha. Hakulikataa. Kila alipoitwa aligeuka na kuitikia, hadi tulipomzika, na nadhani alijua vizuri kila mara alichokuwa anakiitikia.

Mizani ipo kwenye kabati la ofisi, rafu ya chini. Kichupa kipo pembeni yake. Najua ninyi hamjazi risasi, zinakuja zimejazwa, na mashine hazifugi kuku. Lakini bunduki bado zinakosa, na watu bado wanatafuta wa kumlaumu. Siku hiyo ikifika, mkaona macho yanaanza kumgeukia bibi fulani wa nyumba ya mwisho, msikimbilie kusema mlilenga sawa. Ombeni mpewe hadi Jumapili, rudini mezani, mtafune kwanza.